Taa Yenye Kope

Mzee anayelinda geti letu hapa Kapsoya, mjini Eldoret, hakuja kulalamika. Alipanda ngazi hadi orofa ya tatu, akabisha hodi, akavua kofia, akaniuliza kwa upole kama ningeweza kuzima taa ya roshani yangu kuanzia saa nne usiku. "Mwalimu, ikiwaka sioni ukuta wa nyuma." Nilishangaa. Taa ile niliitia kwa ajili ya usalama: balbu nyeupe ya wati 18, chini kabisa ya dari, inayomwaga mwanga hadi barabarani. Nilishuka naye, nikasimama pale anapoweka kiti chake, nikatazama juu, kisha nikaugeukia ukuta. Sikuuona. Nililoliona ni doa jeupe lililoganda machoni mwangu, na nyuma ya doa weusi mtupu. Mtu angeweza kusimama pale usiku kucha nisimwone.

Jumamosi iliyofuata alikuja fundi wa stima. Nataka kuisimulia kazi yake hatua kwa hatua, kwa sababu ilimchukua siku nzima kufunga taa moja, na sikumbuki dakika aliyoipoteza.

Kwanza hakufungua mkoba. Aliuliza jioni huwa ninakaa wapi, akaketi kwenye kiti changu, akatazama ninachotazama: mapaa ya mabati, mikaratusi upande wa barabara, na mbingu pana ya Uasin Gishu. Kisha akashuka hadi kwenye kiti cha mzee wa geti, akaketi hapo pia. Aliporudi alisema, "Taa si kitu cha kutazama, mwalimu. Ni kitu cha kutazamia vingine." Ndipo akafungua mkoba, akatoa taa aliyoinunua mjini asubuhi hiyo.

Ilikuwa ya mviringo, ya alumini nzito, yenye kioo kinene, na nusu ya juu ya uso wake ilikuwa imefunikwa na chuma kilichoinama kama jicho la mtu anayesinzia. Mafundi huita taa ya namna hii balkihedi, na hii yenye kifuniko wanasema ina kope. Neno lenyewe ni la baharini. Balkihedi ni ule ukuta wa ndani unaogawa tumbo la meli vyumba vyumba, ili maji yakiingia kimoja yasifike kingine. Taa iliyofungwa kwenye kuta hizo ilipaswa kuhimili chumvi, mtikisiko na kugongwa, ndiyo maana ilipewa kioo kinene, mwili wa chuma na mpira wa kuzuia maji. Baadaye ikateremka melini, ikaingia madukani, na jina lake ikaja nalo. Sasa ilikuwa mkononi mwa fundi hapa Eldoret, mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kilomita 800 kwa barabara kutoka Mombasa.

Nilipoanza kuifikiria, niliona mji huu wa bara umezungukwa na maneno ya majini. Umeme tunauita stima, na stima katika Kiswahili cha pwani ilikuwa kwanza meli ya mvuke. Nguzo zinazobeba nyaya tunaziita milingoti, kama ile inayobeba tanga, na mingi ya milingoti hiyo ni ya mikaratusi ambayo baadhi yake hutiwa dawa papa hapa Eldoret kabla ya kusimamishwa. Hata roshani ni neno la ng'ambo ya bahari: limetokana na Kiajemi, na kwa Waajemi kilicho "roshan" ni kilicho angavu. Kabla ya balbu yoyote, jina la mahali hapa lilikwisha kubeba nuru.

Na stima yenyewe ilikuja kwetu ikipitia pwani. Historia ambayo kampuni ya Kenya Power huisimulia inaanzia Zanzibar, mwaka 1875, Sultan Seyyid Barghash alipopata jenereta ya kuangazia kasri lake na mitaa ya jirani. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua jenereta hiyo, na kutokana nayo ikaundwa kampuni ya kuangazia kisiwa cha Mombasa. Mwaka 1922 kampuni hiyo iliungana na ile ya Nairobi ikawa East African Power and Lighting, na ukoo huo ndio umezaa waya unaoingia nyumbani kwangu. Kwa hiyo safari ya mwanga huu ilianza kwenye kasri linaloitazama bahari, na mtu wa kwanza kuufurahia kutoka baharini huenda alikuwa baharia aliyekuwa akitafuta mahali pa kutia nanga gizani.

Mimi mwenyewe niliwahi kuona taa za roshani zikiwa mahali pake pa asili. Ilikuwa jioni, nasubiri feri upande wa Likoni, na meli ya watalii ikawa inatoka bandari ya Kilindini. Ilipita karibu sana na watu, ndefu kama mtaa mzima uliong'olewa na misingi yake. Ubavuni roshani zilipangwa safu juu ya safu, mamia, na kila moja ilikuwa na kijitaa chake. Kilichonishika ni kwamba hakuna hata kimoja kilichonichoma macho. Mwanga ulianguka chini, kwenye sakafu ya kila roshani na kwenye miguu ya viti, ukabaki humo. Niliona watu wameegemea kingo, niliona umbo la mmoja aliyeshika kikombe, lakini taa zenyewe sikuziona. Wakati huo nilidhani ni urembo tu.

Si urembo. Baharini taa ni lugha, na lugha hiyo ina sheria. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizoandikwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1977, zinataka meli inayokwenda iwe na taa ya kijani upande wa kulia na nyekundu upande wa kushoto, kila moja ikionekana katika pembe ya nyuzi 112.5, na nyeupe ya nyuma inayofunika nyuzi 135 zilizobaki, hadi mduara ukamilike. Nahodha wa chombo kingine akiona nyekundu peke yake anajua anaona ubavu gani; akiona nyekundu na kijani pamoja anajua meli inamjia uso kwa uso. Ndiyo maana kanuni ya 20 inasema kwamba tangu jua kutua hadi kuchomoza isiwashwe taa nyingine yoyote inayoweza kudhaniwa kuwa moja ya hizo, au kuzififisha, au kumzuia mwangalizi kufanya kazi yake.

Mwangalizi ndiye anayenivuta. Katika chumba cha usukani usiku kuna giza, na giza hilo hutunzwa kwa makusudi. Jicho la binadamu linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kwa ukamilifu, na mwale mmoja mkali unaharibu kazi hiyo yote mara moja. Abiria ambao vyumba vyao hutazama mbele ya meli huombwa wafunge mapazia usiku, na katika baadhi ya meli taa za roshani hazina swichi kwa abiria kabisa: wenye zamu ndio huziwasha na kuzizima. Maelfu ya watu hula, hucheza na kulala katika mwanga mwingi, na usalama wao wote umekaa juu ya watu wachache waliosimama gizani wakiangalia. Yeyote anayebuni taa ya roshani ya meli anabuni mambo mawili kwa pamoja: mwanga wa yule aliyeketi, na giza la yule anayelinda.

Mzee wetu wa geti ni mwangalizi wa namna hiyohiyo. Ana zamu, ana kiti, na ana macho yaliyozoea giza. Mimi nilikuwa abiria niliyemmulika usoni.

Sasa kazi. Fundi alianza kwa testa. Aliitia kwenye soketi ya sebuleni, ikawaka. Akaenda kwenye kisanduku cha swichi, akazima saketi ya taa peke yake. Akarudi, akagusa waya wa roshani: testa haikuwaka. Nilidhani imetosha. Akairudisha kwenye soketi ya sebuleni kuona kama bado inafanya kazi, ikawaka tena. Ndipo akauamini waya. Testa iliyokufa katikati ya kazi inaonekana sawasawa na waya usio na stima, na fundi asiyepima mara ya tatu anauweka uhai wake juu ya dhana. Hatua hiyo ilichukua labda nusu dakika.

Taa ya zamani alipoifungua ilimwaga maji. Ndani kulikuwa na nondo waliokauka, skrubu zilizooza kwa kutu, na holda iliyogeuka rangi ya chai. Nilishangaa, kwa kuwa aliyeifunga aliizungushia silikoni pande zote, juu hadi chini. Fundi alinionyesha kwa kidole kwamba kosa lilikuwa hapo hapo. Hapa Eldoret jua la mchana huipasha taa, hewa ya ndani hupanuka na kujipenyeza nje. Usiku baridi inaposhuka, taa huvuta pumzi, na pumzi hiyo ina unyevu. Unyevu hugeuka matone kwenye kioo, matone hutiririka chini, na kesho yake hurudia tena. Hakuna silikoni inayoweza kuzuia taa kupumua miaka yote. Kilicho mikononi mwa fundi ni kuyaachia maji njia ya kutokea. Kwa hiyo anaziba juu na pembeni, ambako mvua inatokea, na chini anaacha wazi.

Baadaye, mahali pa taa mpya palipokwisha kuamuliwa, aliteremsha waya kutoka darini kwa paipu nyembamba iliyoshikamana na kona ya ukuta, na hapo nikaona jambo ambalo sasa nalitafuta kwenye kila nyumba ninayopita. Paipu haikwenda moja kwa moja kwenye taa. Ilishuka ikapita usawa wa taa, ikakata kona, ikapanda tena kidogo, ikaingia kwa chini. Maji yakifuata paipu, na maji hufuata kila kitu, yatateremka hadi pale chini kabisa na kudondoka hapo. Hayawezi kupanda. Sentimita chache za ziada za paipu zimekuwa mlinzi asiyehitaji mpira wala gundi.

Alitoboa ukuta katikati ya jiwe, si kwenye saruji ya kiungo, kwa kuwa saruji humeguka. Nyumba yetu ni ya zamani: waya mwekundu ndio wenye moto, mweusi ndio wa kurudi, na wa kijani unakwenda ardhini. Aliyetangulia aliukata ule wa kijani akauacha ukining'inia, akiuona wa ziada. Fundi aliusafisha ncha hadi shaba ikang'aa, akaufunga kwenye mwili wa taa, akauvuta kwa koleo, akauvuta tena. Mwili ni wa metali, na uko mahali ambapo mtu anaweza kuugusa kwa mkono uliolowa mvua.

Skrubu alizipaka mafuta mazito kidogo kwa ncha ya kiberiti, moja baada ya nyingine, akihakikisha hayagusi mpira, kwa kuwa mafuta hulainisha mpira hadi ukalegea. Nikamuuliza mafuta ni ya nini. Akasema ni ya fundi atakayekuja baada yake, miaka kadhaa ijayo, afungue bila kuvunja. Huenda atakuwa yeye, huenda asiwe yeye.

Lakini kabla ya kuteremsha waya na kutoboa ukuta, ilibidi taa ipate mahali pa kukaa. Ilikuwa saa tisa alasiri. Fundi aliweka vifaa chini akasema tutangoja jua litue, kwa sababu taa haipimwi mchana. Nikachemsha chai ya maziwa, tukakaa. Hapa tuko karibu na mstari wa ikweta, na jua likishatua giza haliji kwa hatua. Ndani ya nusu saa mapaa yalikuwa yamepotea. Ndipo alipoinuka, akaiunganisha taa kwa waya wa muda, akaishika mkononi.

Aliishika kwanza juu, usawa wa kichwa. Nikiwa nimeketi, ilinichoma macho. Akaipandisha darini: mimi nilistarehe, lakini mzee wa geti alipiga kelele kutoka chini kwamba anaiona. Akaishusha kwenye ukuta wa pembeni, hadi usawa wa paja, chini ya ukingo wa roshani. Ukingo wetu ni wa mawe, mzima, na ukawa pazia kati ya taa na geti. Kope ikazuia mwanga usipande. Uliobaki ulitandazwa sakafuni kama mkeka. Akaniomba niishike, akashuka ngazi orofa zote tatu, akakaa kwenye kiti cha mzee, akapanda tena, akaishusha kama upana wa vidole viwili, akashuka tena. Mara ya pili alikawia. Aliporudi alipiga alama ya penseli ukutani, na alama hiyo haikubadilika.

Balbu aliyotia ilinishangaza kwa udogo wake: wati 3, ya rangi ya asali. Madukani nyingi ni zile nyeupe zinazokaribia rangi ya bluu, za kelvini 6,500, na watu huzipenda kwa sababu zinaonekana kuwa na nguvu. Hii ilikuwa ya kelvini 2,700, na alikuwa ameitafuta duka hadi duka. Alikuwa na sababu tatu. Taa iliyofungwa haina pa kupumulia joto, na joto ndilo huua balbu za kisasa. Wati 3 zitadumu mahali ambapo 18 huungua. Pili, mwanga wa rangi ya asali haulipigi jicho la usiku kwa ukali kama ule wa bluu. Na tatu ni kumbikumbi.

Mvua za kwanza zikinyesha hapa, mwezi wa tatu au wa nne, kumbikumbi hutoka ardhini jioni kwa maelfu, na kila mtoto wa magharibi mwa Kenya anajua kwamba ukitaka kuwakamata uwashe taa na utege beseni. Miaka yote tuliambiwa wadudu huipenda taa. Mwaka 2024 watafiti waliokuwa na kamera za kasi, wakiwemo wa Imperial College London, walichapisha maelezo tofauti: mdudu arukaye huelekeza mgongo wake kwenye upande wenye mwanga zaidi, kwa kuwa tangu zamani upande huo umekuwa mbinguni. Akikutana na balbu, huigeuzia mgongo, na njia yake ikapinda ikawa duara asilotoka. Haipendi taa. Amepoteza juu na chini. Na kwa kuwa macho ya wadudu wengi huona vizuri zaidi upande wa bluu na ule mwanga tusiouona sisi, taa ya rangi ya asali, iliyo chini na iliyofunikwa juu, inawapoteza wachache zaidi. Fundi hakuwa amesoma utafiti huo. Alikuwa amesafisha taa nyingi zilizojaa mbawa.

Alimaliza kufunga saa mbili usiku, kwa tochi ya kichwani. Alifagia vumbi la drili, akachukua kioo cha taa ya zamani akisema kitamfaa mtu, akawasha swichi kwa mara ya mwisho na kuondoka.

Nikakaa. Mwanzo niliona kidogo: vigae vya sakafu, miguu ya kiti changu, kikombe. Kusoma haiwezekani, na sasa nasoma ndani. Lakini sikuingia. Baada ya robo saa hivi mikaratusi ilianza kujitenga na mbingu. Kisha mapaa, moja moja, kila bati likishika mwanga wake mdogo wa nyota. Kisha nyota zenyewe, ambazo nimeishi chini yake miaka minne katika nyumba hii bila kuziona kutoka kwenye kiti hiki. Chini, mtu wa boda boda alimshusha mama mmoja mwenye mzigo, na nilimwona mama akihesabu pesa kiganjani. Yeye hakuinua macho. Hakukuwa na kitu cha kumfanya ainue.

Asubuhi nilimkuta mzee wa geti anakunja koti lake, zamu imeisha. Nikamuuliza usiku ulikuwaje.

"Nimemwona paka," alisema, akinyoosha mkono. "Saa tisa. Alipita juu ya ukuta, kule mwisho kabisa."